Jiko la nyama choma: bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama

KILA zinapokaribia Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka au Idi, mafundi wa kuchomelea vyuma jijini Dar es Salaam hupanga majiko ya kuchomea nyama kando ya barabara, mbele ya karakana zao. Yapo ya pipa lililopasuliwa kati, yapo ya bati jembamba yenye miguu ya nondo, na yapo ya bamba zito yenye mfuniko na magurudumu. Katika maduka makubwa nako yapo yanayong'aa kutoka nje ya nchi, mengine ya mkaa na mengine ya gesi.

Mnunuzi wa kawaida huanza na swali moja: bei gani? Ni swali la haki, lakini halitoshi. Jiko la nyama si sahani ambayo ikishanunuliwa gharama yake imekwisha. Kila likiwashwa linakula mkaa au gesi, na kila masika likiachwa nje linaliwa na kutu. Jiko la bei ya chini linaweza kumtoa mwenye nyumba fedha nyingi kuliko la bei ya juu, ila inawezekana pia ikawa kinyume chake. Yote yanategemea jambo ambalo fundi na mwenye duka hawawezi kulijua: jiko hilo litawashwa mara ngapi kwa mwaka.

Kwa mwenye nia ya kuligeuza jiko la nyumbani kuwa mradi wa mishikaki mwisho wa wiki, na wako wengi, suala hili ni la mtaji kabisa. Faida ya mishikaki ni ndogo kwa kila kijiti, na mkaa unaopotea bure ndio unaoimaliza.

Uzito hausemi uongo

Jambo la kwanza la kuangalia ni unene wa chuma. Mkaa uliokolea vizuri huzidi nyuzi joto 600 za Selsiasi. Bati jembamba likipashwa moto wa namna hiyo na kupoa, kisha likapashwa tena, hupinda, hubabuka na hatimaye hutoboka, kwa kawaida kuanzia kitakoni ambako makaa hukaa. Bamba la milimita 2 au 3 hustahimili zaidi, na hutunza joto hata upepo unapovuma.

Mnunuzi asiye na kipimo cha fundi anaweza kutumia mikono yake. Jiko lenye sanduku la urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 20 likitengenezwa kwa bamba la milimita 2, sanduku peke yake hufikia kilo 12 na nusu hivi. Likitengenezwa kwa bati la milimita 0.8, hufikia kilo 5 hivi tu. Rangi nyeusi inaweza kuficha mengi, lakini haiwezi kuficha uzito.

Wanaonunua kwa kutajiwa geji wawe waangalifu. Katika geji, namba ikipanda unene unashuka. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na yote mawili ni ya kuezekea nyumba, si ya kubebea moto. Ni salama zaidi kumtaka fundi ataje unene kwa milimita na kuuandika kwenye risiti.

Pipa: historia yake ni ipi?

Jiko la pipa lina sifa yake. Pipa la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 88 na kipenyo cha karibu sentimita 57, kwa hiyo likipasuliwa kwa urefu hutoa eneo la kuchomea la karibu nusu mita ya mraba. Kwa harusi, kipaimara au baa, ukubwa huo ni sawa. Kwa familia ya watu sita, ni mkubwa kupita kiasi. Kila Jumapili utatandazwa mkaa wa kutosha kuchoma nyama ya watu 20 ili wale watu sita.

La pili kuhusu pipa ni historia yake. Pipa lililokuwa na mafuta ya kula ndilo la kutafutwa. Lililokuwa na petroli, thina au dawa lisiguswe. Kwanza, mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka fundi anapolikata kwa grinda au moto, na ajali za namna hiyo huua. Pili, mabaki na rangi ya ndani hutoa moshi wenye sumu. Hata pipa la mafuta ya kula linapaswa kuunguzwa kwa moto mkali wa kuni uwanjani, rangi yote ya ndani itoke, kabla ya nyama ya kwanza kuwekwa.

Tahadhari kama hiyo inahusu mabati na nyavu zilizopakwa zinki, zile zenye rangi ya fedha iliyofifia. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na ikipata moto mkali zaidi hutoa mafusho ambayo mafundi wa kuchomelea wanayafahamu kwa homa yanayowaletea jioni. Isitoshe, limau na siki vinavyotumika kuloweka nyama huimumunya zinki. Wavu wa kuchomea uwe wa nondo tupu, wa chuma cha kumimina au wa stenlesi. Na wauza mishikaki waliozoea kutumia spoku za baiskeli wajiulize kama hazikupakwa zinki.

Hewa na mfuniko

Jambo la pili ni hewa. Mkaa hauli chakula, unakula hewa. Ukiupa hewa nyingi unawaka haraka na kwisha haraka; ukipunguziwa unatulia. Jiko la wazi lisilo na tundu la kufunga halina namna ya kuutawala moto zaidi ya kumwagia maji au kuongeza mkaa.

Mwaka 1952, karibu na jiji la Chicago nchini Marekani, George Stephen aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Weber Brothers Metal Works alichukua boya la chuma, akalikata mara mbili, akafanya nusu ya chini jiko na nusu ya juu mfuniko, kisha akaweka matundu ya hewa. Jiko hilo la umbo la duara limeenea dunia nzima. Siri yake si chapa. Ni mfuniko unaofunga vizuri na matundu ya hewa yanayofunguka na kufungika, na hayo fundi yeyote mzuri wa Gerezani au wa Kamukunji jijini Nairobi anaweza kuyatengeneza akiagizwa.

Faida yake inaonekana mara tatu. Mafuta ya nyama yakidondoka na kuwaka, mfuniko ukishushwa ndimi za moto zinazimika bila maji wala majivu kuruka. Paja zima la mbuzi linaiva hadi mfupani kwa joto linalozunguka, badala ya kuungua nje na kubaki bichi ndani. Na mwisho, nyama ikishatoka, mfuniko na matundu vikifungwa moto unakufa wenyewe, na mkaa uliobaki unatumika siku nyingine. Kwenye jiko la wazi mkaa huo hugeuka majivu huku wageni wakiendelea na mazungumzo.

Familia nyingi huchomea nyama kwenye jiko la kawaida lenye udongo ndani, lile lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Kwa ugali na maharage jiko hilo ni hodari wa kubana mkaa, kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee pembeni. Ila mdomo wake ni mdogo na joto lake limekusanyika katikati. Linafaa kwa vipande vichache, si kwa ubavu mzima.

Hesabu ya Jumapili 52

Sasa tarakimu. Hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke bei za mtaani kwake.

Tuseme jiko la bati jembamba, la wazi, ni Sh 70,000 na hudumu miaka miwili. Jiko la bamba la milimita 2 lenye mfuniko na matundu ya hewa ni Sh 190,000 na hudumu miaka minne au zaidi. Tuseme la kwanza hutumia kilo 4 za mkaa kwa kila uchomaji, na la pili kilo 2 na nusu, ukiondoa mkaa unaookolewa. Mkaa uwe Sh 1,000 kwa kilo.

Familia inayochoma kila Jumapili itatumia kilo 208 kwa mwaka kwenye jiko la kwanza, na kilo 130 kwenye la pili. Tofauti ni kilo 78, yaani Sh 78,000 kila mwaka. Nyongeza ya Sh 120,000 iliyolipwa siku ya kununua inarudi kwa mkaa peke yake katika miezi 18 au 19 hivi.

Kwa miaka minne, mwenye jiko la bei ya chini atakuwa amenunua majiko mawili kwa Sh 140,000 na mkaa wa Sh 832,000, jumla Sh 972,000. Mwenye jiko la bei ya juu atakuwa ametumia Sh 190,000 na mkaa wa Sh 520,000, jumla Sh 710,000. Tofauti ni Sh 262,000, fedha inayotosha kununua jiko jingine na chenji kubaki.

Lakini igeuzwe hesabu hiyo kwa familia inayochoma mara sita tu kwa mwaka, sikukuu na siku za kuzaliwa. Mkaa unaookolewa ni kilo 9, yaani Sh 9,000. Nyongeza ya Sh 120,000 ingehitaji zaidi ya miaka 13 kurudi. Familia hiyo inafanya busara kununua jiko dogo la bei nafuu, kulifuta na kulihifadhi ndani, au kuazima kwa jirani. Mfanyabiashara mkweli atamwambia hivyo mteja wake, na mteja huyo atarudi kununua kitu kingine.

Gesi nayo

Majiko ya gesi ya kuchomea nyama yanazidi kuonekana, hasa kwa wakazi wa maghorofa na nyumba za kupanga ambako moshi huleta ugomvi. Yanawaka mara moja na hayana majivu. Walaji wengi watasema harufu ya moshi haipo kama ya mkaa, na hilo kila mtu ataamua kwa ulimi wake.

Linalohitaji hesabu ni ulaji wa gesi. Kwenye maboksi ya majiko mengi nguvu huandikwa kwa BTU. Jiko la BTU 30,000 kwa saa ni sawa na karibu kilowati 8.8, na likifunguliwa mpaka mwisho hutumia gesi ya karibu kilo 0.7 kwa saa. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 utatosha saa 8 na nusu hivi. Mwenye kuchoma saa mbili kila Jumapili kwa moto wa mwisho ataumaliza mtungi katika wiki nne. Moto ukipunguzwa baada ya jiko kupata joto, muda huongezeka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe regulata ya jiko inaingia kwenye mitungi inayouzwa mtaani kwake. Jiko zuri lisiloshika mtungi wowote ni pambo la kibarazani.

Mzigo kutoka nje

Kwa wanaoagiza, gharama haiishii kwenye bei ya kiwandani. Chini ya ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza 2005, bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kipo kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kodi ya Ongezeko la Thamani hufuata, asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara na 16 kwa Kenya.

Kwa mfano, jiko lililofika bandarini kwa Sh 400,000 likitozwa ushuru wa asilimia 25 linakuwa Sh 500,000. Likiongezwa kodi ya asilimia 18 linafikia Sh 590,000, kabla ya tozo nyingine, wakala, usafiri, pango la duka na faida. Mwagizaji amuulize wakala wa forodha kundi la bidhaa yake kabla ya kutuma fedha, si baada.

Swali jingine ni vipuri. Kwenye jiko la gesi, kinachokufa mapema ni vichomeo na mabati yanayovikinga na mafuta. Kwenye jiko la mkaa ni wavu. Duka linalouza jiko bila kuuza wavu wake linamuuzia mteja nusu ya bidhaa. Kwa mfanyabiashara mdogo, hapo ndipo penye nafasi, maana nyavu hazichukui nafasi kubwa ghalani na zinahitajika kila mwaka.

Wakazi wa pwani, kuanzia Mtwara, Dar es Salaam na Zanzibar hadi Tanga na Mombasa, wana adui wa ziada: chumvi ya hewani. Neno stenlesi kwenye boksi lisimdanganye mtu. Aende na sumaku. Ikinata kwa nguvu, huo ni chuma cha kawaida au ni stenlesi ya daraja la chini inayoshika kutu mapema karibu na bahari. Ikigoma au kunata kwa unyonge, dalili ni nzuri.

Mkaa wa kesho

Anayenunua jiko la kudumu miaka minne au zaidi hana budi kuutazama pia mkaa wa miaka hiyo. Nchini Kenya, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, bei ya mkaa ilipanda. Tanzania ilipiga marufuku matumizi ya kuni na mkaa kwa taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku kufikia mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huo ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034.

Nyama choma ya Jumapili nyumbani haikupigwa marufuku. Lakini mwelekeo uko wazi: mkaa si bidhaa ya kutegemewa kushuka bei. Kadiri bei yake inavyopanda, ndivyo jiko linalobana mkaa linavyorudisha fedha haraka. Katika mfano wa hapo juu, mkaa ukifika Sh 1,500 kwa kilo, nyongeza ya Sh 120,000 hurudi katika mwaka mmoja na wiki chache.

Bamba moja, majiko matatu

Kwa fundi au mwekezaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara hii, bamba la futi 8 kwa 4 ndilo msingi wa hesabu. Lina sentimita 244 kwa 122, na la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 47. Sanduku la sentimita 80 kwa 40 lenye kina cha 20, likichorwa likiwa limelala, linahitaji kipande cha sentimita 120 kwa 80. Vipande vitatu vya namna hiyo vinaingia kwenye bamba moja karibu bila mabaki. Pembe zinazokatwa ni vipande 12 vya sentimita 20 kwa 20, vinavyotosha kwa visahani vya majivu, vifuniko vya matundu ya hewa na vishikio vya miguu.

Fundi anayekata sanduku la sentimita 90 bila kupiga hesabu hupata machache zaidi kwenye bamba lile lile, na sehemu kubwa ya chuma chake inabaki pembeni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya karakana inayokua na inayolalamika kuwa biashara ni ngumu. Kwa majiko ya mishikaki, upana wa sanduku upungue kidogo kuliko urefu wa kijiti, ili nyama ikae juu ya moto na kishikio kibaki nje.

Mfuniko uuzwe kama nyongeza. Mteja wa mara sita kwa mwaka ataondoka na sanduku tupu, wa kila Jumapili ataulipia mfuniko, na fundi hatakuwa amempoteza yeyote.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi ahesabu siku zake za kuchoma nyama kwa mwaka, kwa ukweli, si kwa matumaini. Anyanyue jiko kwa mikono miwili. Afunge mfuniko na kuangalia kama mwanga unapenya pembeni. Asukume tundu la hewa kuona kama linatembea. Autikise mguu mmoja mmoja. Aulize wavu wa akiba unauzwa wapi.

Akishafika nyumbani, majivu yasilale ndani ya jiko, kwa sababu yakilowana hula chuma. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na imekwisha kuua familia zilizolala zikiwa na jiko la mkaa chumbani. Hasara nyingine zote zilizotajwa hapa zina fidia, hiyo haina.